Mdomo wa Kivuva

Chifu Nzomo hakuja mwenyewe kuchukua ng'ombe wa Kivuva. Alituma koplo na askari wawili wa kambi yake, Jumanne asubuhi, Kivuva akiwa bado Emali na bendi yake. Mkewe Ndinda aliwakuta bomani wakibomoa miiba ya lango kwa mateke. Alikamata mkia wa fahali mweusi, akakataa kuachia. Koplo akamgonga mkono kwa kitako cha bunduki. Kidole cha kati kikavunjika, kikatazama nyuma. Hakuachia. Akagongwa tena, na hapo ndipo fahali alipomponyoka.

"Mwambie huyo ndege wako," koplo akasema, akijifuta jasho, "ng'ombe wake wako kwa chifu. Mwethya tatu zimepita hajaonekana. Wenzake wanachimba, yeye anapiga miluzi."

Mwethya ni ile kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro mashambani ili udongo usichukuliwe na mvua. Zamani ilikuwa kazi ya jirani na jirani: mwenye shamba anapika uji, watu wanachimba wakiimba, kesho wanahamia kwa mwingine. Wakubwa walipoona ni kitu kizuri wakakichukua, wakakipa askari na kiboko. Na katika lokesheni ile ya upande wa Nuu, shamba lililochimbwa mitaro kwanza kila msimu lilikuwa la nani? La Nzomo. La pili je? La shemeji yake Nzomo. La mjane lilifikiwa watu wakiwa hawana tena mikono.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Mvua ilikosa, kisha ikakosa tena, na njaa ikapewa jina lake, Nikwa Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakuona cha kununua. Kivuva alikuwa na ng'ombe kumi na tisa mwaka uliotangulia. Sasa walibaki wanne: majike watatu na fahali mweusi. Hao wanne wakifa, nyumba yake ingeenda kukaa kwenye foleni ya mahindi ya njano ya msaada, na mkebe wa kupimia mahindi hayo ulikuwa mkononi mwa Nzomo.

Kivuva mwenyewe hakuwa mtu mdogo. Uliza mtu yeyote wa rika lile, kuanzia Nuu mpaka Kibwezi, atakwambia. Aliimba, ndiyo, lakini waimbaji walikuwa wengi. Yeye alikuwa na mluzi.

Mluzi huo aliutoa mtoni. Mto wa kule hauna maji juu, maji yako chini ya mchanga, na watu huchimba visima kwenda chini mpaka mabega ya mtu. Mifugo hungoja ukingoni, boma baada ya boma, ili wasibomoe kisima kwa kusukumana. Kila boma lina mluzi wake. Mwenye zamu anasimama kando ya hori, anapiga mluzi wa kwao, na ng'ombe wake peke yao wanashuka kunywa, wengine wanabaki wakitikisa masikio. Mluzi wa kwao Kivuva ulikuwa mrefu, unapanda, unakatika katikati kama mtu aliyejikwaa, kisha unashuka polepole. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa patasi kama ya babu zake, na upepo ulipita hapo ukatoka sauti mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka wa sitini na sita Nzuki, mpiga gita aliyekuwa akitafuta watu wa bendi, alimsikia akinywesha. Alishuka mchangani na viatu vyake vya mjini.

"Wewe, rudia hiyo."

"Ng'ombe wameshakunywa."

"Nipigie mimi. Mimi ndiye ng'ombe leo."

Kivuva akarudia. Nzuki akacheka mpaka akakaa chini. "Bendi zote zina saksafoni," akasema. "Sisi hatuna, na hatutapata. Basi saksafoni ni wewe."

Hivyo ndivyo Thua Jazz ilivyoanza. Walipiga Ikutha, Wote, Emali, Jumapili alasiri, kwenye mabanda ya mabati yenye joto la tanuri. Mwaka wa sabini na moja wakaenda Nairobi wakatia mluzi huo wa kisimani kwenye sahani ya santuri, gita likiufuata nyuma kama mbwa, na baada ya hapo Kivuva hakuweza kupita sokoni bila watu kumpigia miluzi. Lakini usidhani ilikuwa raha tu. Dansi za siku hizo zilichezwa kwa damu. Kule Wote, chupa ilimtoa mpiga ngoma wao jicho. Ikutha, dalali mmoja wa ng'ombe alimzaba kofi msichana aliyekataa kucheza naye. Kivuva akaruka kutoka jukwaani na chuma cha mikrofoni, akampiga mtu yule mpaka sikio likaning'inia kwa ngozi. Msichana alikuwa Ndinda, binti wa Musembi wa Mbooni. Alimwangalia Kivuva aliyelowa damu isiyo yake, akamwambia, "Sasa nani atamalizia wimbo?" Wakaoana mwaka huohuo. Walipata binti mmoja, Kalunde, ambaye sasa alikuwa shule ya bweni, mbali.

Kivuva alifika nyumbani Jumatano akakuta lango limelala na mkono wa mkewe umevimba kama kiazi.  Alhamisi asubuhi alikwenda kambini kwa chifu.

Ng'ombe aliwasikia kabla ya kuiona kambi. Boma la Nzomo lilikuwa limejaa ng'ombe wa wakosaji wa mwethya, arobaini na kitu, jua kali, hori limepinduliwa. Siku ya pili walikuwa hawajanywa. Ng'ombe mwenye kiu halii kama mwenye njaa. Analia kwa sauti ya chini, bila kupumzika, kama mgonjwa aliyechoka kuita watu.

"Karibu, msanii!" Nzomo alikuwa amekaa kivulini, kofia ya kazi gotini. "Nimekukosa sana mitaroni."

"Chifu, nipe ng'ombe wangu. Nitachimba kesho, na kesho kutwa, na mwezi mzima."

"Kesho hakuna kuchimba. Kesho ni baraza. Nina mgeni, mkubwa kabisa, anakuja kuona tunavyoendelea. Nataka bendi. Nataka wimbo wenye jina langu ndani, na ule mluzi wako. Ukimaliza, unafungua boma mwenyewe, unakwenda na wako wanne. Maneno hayo ni magumu?"

"Si magumu."

"Basi?"

"Mimi huimbia watu wanaonipa kiti, Chifu. Siimbii aliyemvunja mke wangu kidole."

Nzomo hakukasirika. Wakubwa hawakasiriki, wana watu wa kukasirika badala yao. Alivaa kofia yake, akamwambia koplo, "Mfundisheni. Lakini mdomo muacheni. Mdomo ni wa serikali mpaka kesho."

Wakamfundisha. Walimlaza kifudifudi nyuma ya stoo wakampiga kwa mpira wa gari uliokatwa, mgongoni, matakoni, nyayoni. Walimgeuza wakampiga kwa buti mbavuni, na kila buti liliposogea karibu na uso koplo alipaza sauti, "Mdomo! Mdomo!" kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani. Ubavu mmoja ulilia kama ukuni mkavu. Alikojoa damu palepale. Na muda huo wote, upande wa pili wa miiba, ng'ombe walikuwa wakilia kwa sauti yao ya chini, na katikati ya sauti hizo aliitambua ya jike lake kubwa.

Jioni, nyumbani, Ndinda alimfunga mbavu kwa leso, akitumia mkono mmoja na meno.

"Baba Kalunde, mwimbie."

"Jina lake litanikwama kinywani."

"Utasukutua."

"Na maji yako wapi, Mama Kalunde?"

Wakacheka, wote wawili, na kicheko kikamuuma Kivuva ubavu mpaka machozi yakamtoka. Kisha Ndinda akaacha kucheka. "Jina ni upepo," akasema. "Ng'ombe si upepo. Kesho ni siku ya tatu. Siku ya nne utamwimbia nani, mizoga?"

Basi Ijumaa akaenda. Nzuki alileta gita na spika mbili za betri, wakazifunga kwenye miti ya jukwaa. Boma la ng'ombe lilikuwa nyuma ya stoo, hatua kama mia, na nyuma yake ardhi inashuka moja kwa moja mpaka mtoni. Watu walikuwa wameamriwa kuja tangu asubuhi: anayetaka mahindi ya njano aje apige makofi kwanza. Wanawake wakapangwa mistari mbele ya jukwaa wamwimbie mgeni. Ndinda alikuwa mstari wa kwanza, kidole kimefungwa kitambaa, kwa sababu koplo mwenyewe ndiye aliyemweka hapo.

Mgeni alifika adhuhuri, miwani nyeusi, tumbo mbele, Land Rover nyuma yake ikiwa na kreti za soda. Soda hizo hazikuwa za watu. Alisema mambo ya maendeleo. Watu waliokuwa hawajala tangu juzi walipiga makofi.

Kivuva akaimba. Alilitia jina la Nzomo kwenye wimbo mara nne, na kila mara mate yalimkauka. Alipiga mluzi pia, wa dansi nyingine, mwepesi tu. Mgeni akatikisa goti. Wimbo ulipoisha, Nzomo akasimama, uso unang'aa mafuta, akashika mikrofoni.

"Mheshimiwa, umeona kijana wetu! Na amefurahi kiasi kwamba ametoa zawadi. Fahali wake mweusi ndiye atakuwa chakula chako leo. Koplo, mchinjeni! Na hao majike watatu, Mheshimiwa, utakwenda nao nyumbani, lori liko njiani."

Watu wakaguna. Koplo akatoa kisu kirefu, akaanza kutembea kuelekea bomani.

Kivuva alisimama pale na ubavu wake uliovunjika. Ukitaka kujua alichofikiri, alifikiri hivi: nikiwapigia mluzi wa maji, watavunja miiba ya nyuma, watateremka mtoni, na hakuna askari atakayewakamata. Hilo ndilo alilofikiri. Miaka kumi na minane alikuwa amewapigia watu mluzi ule, na watu wakisikia muziki huenda wanakotaka. Alikuwa amesahau jambo ambalo kila mchungaji wa mto ule analijua akiwa na miaka sita. Kwa ng'ombe, mluzi hausemi maji. Mluzi unasema njoo kwangu.

Akasogea kwenye mikrofoni, akapiga. Mrefu, unapanda, unajikwaa, unashuka. Spika zikaurusha mpaka ng'ambo ya mto.

Kule bomani kukawa kimya. Sauti zote za kiu zilikatika kwa pamoja. Kisha miiba ikapasuka, na haikupasuka upande wa nyuma.

Wa kwanza kutokea kwenye kona ya stoo alikuwa fahali mweusi, kisha majike yake, na nyuma yao wale arobaini, maana ng'ombe mwenye kiu akiona mwenzake anakimbia haulizi. Koplo aliwakuta uso kwa uso na kisu mkononi. Pembe ilimwingia chini ya kitovu ikamnyanyua, kisu kikaruka, akaanguka chini ya kwato na hakuonekana tena mpaka vumbi lilipotua. Ng'ombe wakaja moja kwa moja kwenye jukwaa, kwenye sauti. Watu walianza kutawanyika, njia ikafunguka katikati, na huenda wangepita hapo bila kuua mtu mwingine. Lakini Nzomo alipiga kelele, "Pigeni risasi! Pigeni!"

Askari wawili wakafyatua. Jike mmoja wa wale arobaini akaanguka kwa magoti. Wengine, kwa mlio ule, wakakata kushoto wote kwa mpigo, wakaingia kwenye mistari ya wanawake.

Kivuva aliona vumbi na leso. Alisikia mayowe, na sauti nyingine chini ya mayowe, kama mtu anayevunja mabua makavu. Sasa akakumbuka. Akakumbuka ukingo wa mto, na marehemu baba yake akimwambia, simama pale unapotaka wafike. Akaruka kutoka jukwaani, ubavu ukamchoma mpaka macho yakaona giza, akakimbia kupita kando ya stoo kuelekea mtoni, akipiga mluzi. Mluzi, pumzi, mluzi, damu, mluzi. Fahali aligeuka. Wengine wakageuka nyuma yake. Kundi zima likawaacha waliokuwa chini yake, likamfuata Kivuva kwenye mteremko, askari wakifyatua hewani na Nzuki akipaza sauti kitu ambacho Kivuva hakukisikia.

Kisimani alijitupa ndani, akateka kwa debe, akamwaga horini, akateka, akamwaga. Ng'ombe walikunywa wakigongana pembe. Wanne wake wote walikuwa hai. Aliwagusa mmoja mmoja shingoni. Alicheka, ndiyo, alicheka peke yake mle kisimani, maji kifuani, akafikiri vile atakavyomsimulia Ndinda na vile Ndinda atakavyomwambia kitu cha kumshinda.

Alipopanda kurudi, watu walikuwa wamesimama duara. Walimpisha bila kumwangalia. Alimtambua aliyelala katikati kwa kitambaa cha kidole.

Jumamosi Nzomo alikuja nyumbani kwa Kivuva, askari wanne nyuma yake. Mgeni mkubwa alikuwa ameondoka bila kula. Mbali na koplo kulikuwa na maiti watatu, Ndinda na wanawake wawili wazee. Nzomo alivua kofia, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Pole, Kivuva. Kazi ya Mungu."

Kivuva aliitazama ile kofia.

"Nimeandika ripoti. Ng'ombe walishtushwa na honi ya lori. Hakuna aliyepiga mluzi. Hakuna aliyefunga ng'ombe siku tatu bila maji. Hakuna aliyefyatua risasi watu wakiwa mbele. Kesho watu wa mkeo wanakuja kuzika. Wewe utasema vilevile, mbele yao, na mambo yamekwisha. Ng'ombe wanne ni wako, hakuna atakayewagusa mimi nikiwa hai."

"Na nisiposema?"

"Basi ng'ombe watarudi kambini, ni ushahidi. Na wewe utakwenda na pingu. Maana mluzi, baba, nani mwingine katika dunia hii anapiga mluzi ule? Umeua watu wanne, mmoja mkeo." Akasimama, akavaa kofia. "Mimi ningekuwa wewe, ningefikiria ng'ombe."

Kivuva aliwafikiria. Hakuna atakayesema hakuwafikiria. Usiku kucha, walikuwa ng'ambo ya ukuta, pale nyuma ya kitanda chake, wakicheua.

Jumapili mzee Musembi alifika kutoka Mbooni na ndugu zake, wamesafiri kwa gari siku nzima na kutembea njia iliyobaki. Kwa Wakamba mkwe na mkwe huogopana. Hawagusani, hawatupiani maneno makali, hata kikombe hupokezana kwa mikono miwili. Musembi alisimama upande wa pili wa kaburi, fimbo yake ya mwiba mkononi, akatazama jeneza, kisha akamtazama Kivuva kwa heshima yote iliyobaki.

"Mkwe," akasema, "nimeambiwa honi ya lori. Mimi si mtu wa kubishana na serikali. Lakini nakuuliza wewe uliyeishi naye miaka kumi na miwili. Binti yangu aliuawa na nini?"

 Nzomo alikuwa amesimama mbele ya askari wake, kofia kifuani, kama mtu wa kanisani. Alimtazama Kivuva akaitikia kidogo kwa kichwa, kumsaidia.

Kivuva alifungua mdomo. Nyuma ya nyumba jike lake kubwa alilia mara moja.

"Hakukuwa na lori," akasema. "Mluzi niliupiga mimi, mkwe. Nilitaka kuokoa ng'ombe. Chifu ndiye aliyewafunga siku tatu bila maji, kwa sababu ya mitaro yake na wimbo wenye jina lake. Na yeye ndiye aliyesema risasi zipigwe, wakageukia wanawake. Mimi niliwaita, yeye akawageuza. Hivyo ndivyo binti yako alivyokufa."

Mzee Musembi alizunguka kaburi polepole, kwa sababu miguu yake ilikuwa na safari ndani. Alipomfikia Kivuva aliinua fimbo kwa mikono miwili, akampiga begani, kwenye mfupa wa mtulinga, na kila mtu akasikia mfupa ukikubali. Mkwe kampiga mkwe. Wanawake wakafunika nyuso. Kivuva alianguka kwa magoti, na hakuinua mkono kujikinga.

"Hiyo ilikuwa yako," mzee akasema. Akageuka. "Chifu, sogea. Hii ni yako."

Nzomo alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa bunduki za askari wake. Kofia ilimwanguka, hakuiokota. Mzee alibaki pale akimngoja, fimbo juu, na watu wote wakingoja pamoja naye. Hakuna aliyemshika mzee. Hakuna aliyemshika chifu.

Askari walipita kando ya mzee wakamfunga Kivuva pingu. Wawili wakaenda nyuma ya nyumba, wakatoka na ng'ombe wanne, wakawaswaga kwenye njia ya kambi. Walipompakia Kivuva kwenye gari, bega moja likiwa chini kuliko jingine, fimbo ya Musembi ilikuwa bado juu.